Ukuta wa Kibla wa Kanisa Letu

Watu wa kijijini kwetu wakiulizwa, husema mvua ndiyo iliyoliangusha kanisa. Mvua! Kanisa lile lilinyeshewa na masika yote tangu sijazaliwa, na mimi sasa nina wajukuu, wala halikuwahi kutikisika. Mvua imesingiziwa. Aliyeliangusha ni mimi, mimi na kamati yangu ya watu saba wenye nia njema, na tuliliangusha kwa simiti. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani naandika kujitetea. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi, na nimewapigisha watoto wa watu magoti kwa makosa madogo kuliko hili.

Kijiji chetu kiko nyuma ya Gongoni, upande wa bara wa barabara kuu, lakini si mbali hivyo na maji. Upepo wa kusi ukivuma, nondo za madirisha zinashika chumvi, na ukilamba mdomo wako unajua bahari iko wapi. Kanisa lilikaa juu ya mwinuko mdogo. Lilikuwa jengo refu jembamba, mlango wake magharibi na madhabahu mashariki, kwa hiyo ukuta wa nyuma ya madhabahu ndio uliopokea upepo wote wa pwani. Kuta zake zilikuwa nene ajabu. Mtoto aliweza kukaa dirishani, akakunja miguu, asitokeze nje wala ndani. Nimekaa humo mimi mwenyewe, mahubiri yakirefuka, mpaka mama anivute sikio.

Baba yangu alikuwa mmoja wa waashi waliolijenga. Alikuwa kijana aliyebatizwa juzijuzi, ameoa, mwiko ameujua kiasi. Fundi mkuu alikuwa mzee Mwislamu wa Malindi mjini, mtu aliyejenga misikiti maisha yake yote. Padri wa wakati huo alimfuata yeye kwa sababu moja tu: hakukuwa na mwingine aliyeijua chokaa kama yeye. Hakuna aliyeona ajabu. Mzee alikuwa akisimamisha kazi saa za swala, akatandika mkeka wake kando ya msingi wa kanisa, na hawa Wakristo wapya wakakaa kivulini wakamsubiri amalize. Baba alikuwa akisema mzee yule aliwatania, "Nyinyi mtakuja kusali humu baadaye. Mimi nishasali kabla hata hamjaezeka."

Mawe waliyachimba pale nyuma ya shule, matumbawe ya ardhini, na shimo lenyewe lipo mpaka leo, mbuzi wanalala ndani yake. Chokaa waliichoma wenyewe. Walipanga magogo duara, safu juu ya safu, wakamwaga vipande vya matumbawe juu, wakatia moto, na tanuu hilo likawaka usiku na mchana mpaka mawe yakawa meupe na mepesi. Kisha wakayazima kwa maji shimoni, wakayafunika mchanga, wakayaacha. Wakayaacha mwaka mzima! Padri alikuwa na haraka, alitaka kufungua kanisa Krismasi. Fundi akamwambia, "Padri, chokaa haijui Krismasi." Padri akanywea. Kanisa likafunguliwa Krismasi ya mwaka uliofuata, paa likiwa la boriti na makuti. Mabati yalikuja baadaye sana, nami nakumbuka yalipokuja, kwa sababu mvua ya kwanza hatukumsikia padri hata neno moja.

Padri alikuwa amemwomba fundi atengeneze mahali pazuri nyuma ya madhabahu, pa kuweka msalaba. Sasa mzee wa watu mahali pazuri alipajua pa aina moja. Akachonga kibla. Kibla kamili, kama cha msikitini: ukuta umebonyea ndani, tao juu yake, na pembeni nakshi za maua yasiyo na jina. Padri alipoletwa kuona, inasemekana alishika kiuno, kisha akacheka mpaka akaketi. Fundi akamwambia hana cha kucheka, kwani kibla cha kweli huku kwetu huelekea kaskazini, na hiki yeye amekielekeza mashariki kama alivyoagizwa, basi asije kusema amejengewa msikiti. Msalaba ukasimamishwa mle ndani na ukapendeza. Toka hapo ukuta ule ukaitwa ukuta wa kibla, na hata waumini waliokuja kutoka bara kufanya kazi kwenye mashamba ya chumvi waliuita hivyo hivyo, bila kujua kwa nini.

Chini ya kibla, mkono wa kulia, usawa wa kifua, kulikuwa na alama ya kiganja. Kiganja cha baba. Siku ya mwisho ya lipu fundi alimwambia aguse kuona kama imeshika, naye akakandamiza kwa nguvu zote za ujana, na lipu ilikuwa bado mbichi. Mkono ukazama. Baba akataka kupasawazisha, mzee akamzuia. "Acha hivyo hivyo. Siku utakapobishana na mtu kama ulijenga hapa, umlete aone." Kwa hiyo ukabaki, vidole vitano na kiganja, kidole gumba kimeinama kidogo kwa sababu aliwahi kukivunja.

Kila mwaka, wiki ya kabla ya Jumapili ya Matawi, tulikuwa tunalipaka kanisa chokaa. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu, na nadhani ndiyo iliyoliweka hai. Wanawake walichota maji, wanaume walikoroga, watoto tulipewa mafagio ya makuti tupake sehemu za chini, na jioni tulirudi nyumbani weupe kama tumetoka kusaga mahindi. Chokaa haikugusa ule mkono. Tuliuzunguka. Kila mtoto aliweka kiganja chake mle kupima amekua kiasi gani, na mimi nilijidai kuliko wote, maana mkono ni wa baba yangu. Baba alikuwa akisema ukuta unakula chokaa. Ukiulisha mara moja kwa mwaka, utakuzika wewe na wajukuu wako.

Haya. Sasa niseme nilivyofanya.

Kanisa lilijaa. Watu waliongezeka Gongoni, wakaja walimu, wauguzi, makarani, watu wa suti. Na chokaa, kama mnavyojua, inashika nguo. Ukiegemea ukuta, umechafuka. Jumapili unaona mama wa watu ametoka na suti nyeusi, mgongo mzima mweupe, wenziwe wanampangusa nje huku wanacheka. Wageni wakauliza, jamani, hili kanisa mbona linachubuka? Parokia jirani zina kuta laini, zimepakwa rangi ya mafuta, zinang'aa. Mimi nilikuwa nimechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, na niliona haya. Ndiyo, haya. Nililionea haya kanisa ambalo baba yangu alilijenga, kwa sababu ya mgongo wa suti.

Mwaka huo baba alikuwa Bofa, kwa kaka yangu anayefanya kazi hotelini, anatibiwa macho. Yalikuwa matibabu ya kwenda na kurudi, miezi kadhaa. Niliiambia kamati tumalize kazi kabla hajarudi, tumshtue mzee. Wote wakapiga makofi. Nami hata wakati ule, wakipiga makofi, nilijua moyoni kwamba simshtui mtu. Nilitaka imalizike asipokuwepo kwa sababu akiwepo angekataa.

Mchanga tuliletewa bure na muumini mmoja mwenye lori, aliuzoa ufuoni. Fundi tulimpata kijana mzuri, hodari, anajua simiti yake vizuri. Alichokoa lipu ya zamani kwa tindo, vishimo vishimo, ili mpya ishike juu yake. Alipofika ukuta wa kibla aliniita.

"Mwalimu, na huu mkono nifanyeje?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni, nina haraka, sikumbuki haraka ya nini. Nikamwambia, "Piga lipu."

"Niuzunguke?"

"Uzunguke vipi tena na wewe? Tunataka ukuta sawasawa. Piga lipu."

Akapiga. Hakuuchokoa kwa sababu tayari palikuwa na shimo, akaujaza tu simiti, akapitisha mwiko, basi. Sikukaa hata kutazama.

Kanisa likapendeza, sikatai. Rangi ya maziwa juu, chini kahawia. Watu wakaegemea kuta wapendavyo. Nilisifiwa madhabahuni kwa kutajwa cheo, na nilivaa kitenge kipya.

Baba alirudi wiki chache baadaye. Matibabu hayakusaidia, jicho moja halikuona kitu, la pili liliona mwanga na giza. Nilimshika mkono nikampeleka kanisani moja kwa moja, sijui nilitegemea nini. Alivuka kizingiti akasimama. Akanusa. Kisha akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo kwa muda mrefu, akakwangua kidogo kwa ukucha, akalamba kidole.

"Mchanga wa ufuoni," akasema.

"Ndiyo, baba. Tulipewa."

"Na simiti."

"Na simiti, baba. Kanisa sasa ni jipya."

"Aliyewaambia ni nani?"

"Kamati."

"Mwenyekiti wake nani?"

Alikuwa anajua vizuri sana. Nikasema, "Mimi, baba."

Akatembea mpaka mbele, anahesabu viti kwa fimbo. Alipofika ukuta wa kibla alipapasa upande wa kulia, usawa wa kifua. Akapapasa juu, akapapasa chini. Hakuniuliza. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ukuta huu ulikuwa unapumua, mwanangu. Mmeuziba pua." Kisha akaomba nimrudishe nyumbani, jua kali.

Mimi, elimu yangu ikanipanda kichwani. Nilimcheka mbele ya watoto wangu. Babu yenu anadhani kuta zina mapafu! Lo, nikikumbuka kicheko kile, natamani ardhi inimeze.

Mwaka wa kwanza haukuwa na neno. Wa pili, ukuta wa kibla ulianza kutoa jasho. Asubuhi unakuta umelowa kama mtu mwenye homa, na hakuna mvua. Wa tatu, rangi ikavimba malengelenge, ukiyapasua yanatoa unga mweupe wa chumvi. Baba akanieleza, sasa kwa upole, nami sasa nikasikiliza: matumbawe yana chumvi ndani yake tangu baharini, na hunywa unyevu kutoka ardhini, chokaa inauacha unyevu utoke, na chumvi hutoka nao, unaifagia tu. Simiti haiachi kitu kitoke. Maji yamefungiwa ndani pamoja na chumvi, na chumvi inalitafuna jiwe kimyakimya. Tena sisi tukaongezea mchanga wenye chumvi yake.

"Kwa hiyo tufanyeje, baba?"

"Mngeniuliza kabla," akasema.

Kamati yangu ilifanya nini? Ikaita fundi, fundi akasema panapovuja paongezwe simiti. Tukaongeza! Nilikuwepo, nikanyoosha mkono kukubali, huku maneno ya baba yapo sikioni, kwa sababu ningesemaje mbele ya watu sita kwamba mzee kipofu anasema simiti ni sumu? Hapo ndipo ninapojichukia zaidi. Mara ya kwanza sikujua. Mara ya pili nilijua.

Kisha baba akaanza kuumwa kweli. Moyo, miguu kuvimba, usingizi wa kukaa kitini. Hakuwa mtu wa kulalamika, na katika maisha yake yote sidhani aliwahi kuniomba kitu kikubwa. Asubuhi moja nampa uji, akaniomba.

"Siku yangu ikifika," alisema, "msinisalie uwanjani. Msinisalie kwenye tenti na vipaza sauti. Nisalieni mle ndani, mbele ya kibla, kisha mnitoe mlango wa magharibi. Mama yako alitolewa hapo. Nami nilikiweka kizingiti kile kwa mikono yangu."

"Sawa, baba."

"Si sawa ya kunifurahisha."

"Sawa, baba. Nimesikia."

Nikaahidi. Na wiki ile ile alikuja mhandisi, ametumwa na wakubwa wa kanisa, akaona ufa uliokuwa umepanda kutoka sakafuni mpaka kwenye tao la kibla. Aliweza kuingiza vidole viwili. Aligonga boriti moja kwa nyundo, ncha iliyoingia ukutani ikamwagika kama chenga za mkate. Akafunga kamba kuzunguka jengo, akabandika karatasi mlangoni: hatari, hakuna kuingia. Jumapili iliyofuata misa ilikuwa nje, kwenye tenti na vipaza sauti.

Sasa nikawa kama mwendawazimu. Nilitaka tubandue simiti yote, tupige chokaa tena, walau ukuta mmoja, walau kwa muda wa kutosha. Muda wa kutosha kwa nini, sikumwambia mtu. Nilitafuta chokaa. Dukani Malindi nilinunua ya mfuko, nikamletea baba, akaisugua katikati ya vidole akasema hii ni ya kupaka miti isiliwe na mchwa. Kuchoma wenyewe hatukuweza: matumbawe ya baharini hayaguswi siku hizi, miti ya kuchomea ni shida, na mtu wa mwisho aliyejua kupanga tanuu, zaidi ya baba, alikuwa amezikwa zamani. Nikaambiwa Watamu wapo mafundi wanaojengea mahoteli kuta za kizamani. Nikapanda kwenda Watamu. Kweli nikaonyeshwa ukuta, laini, mweupe, na vidaka vya kupendeza vilivyochimbwa ndani yake. Nikamuuliza fundi chokaa yake anaitoa wapi.

Akacheka kwa huruma. "Mwalimu, hii ni simiti nyeupe. Wageni hawajui tofauti."

Nilikaa pale kwenye baraza ya hoteli ya watu nikalia, mwanamke mzima, mpaka mlinzi akaniletea maji.

Niliporudi nilisema basi, tubandue kwanza, mengine Mungu anajua. Kwa ruhusa ya nusu mdomo ya padri wa sasa, kijana yule yule aliyepiga lipu akaja na tindo. Alianzia pembeni, mbali na ufa. Pigo la tatu tu, kibamba kikubwa cha simiti kikabanduka, na nyuma yake kikaja na lipu ya zamani, na nyuma ya lipu ukaja uso wa mawe. Kilichobaki ukutani kilikuwa laini. Kijana aliingiza kidole, kikazama, akakitoa kimejaa unga uliolowa. Akanitazama.

"Mwalimu, simiti ndiyo inayoushikilia huu ukuta sasa. Nikiitoa, unakuja."

"Na tukiiacha?"

"Unakuja vilevile. Pole pole."

Akaweka tindo chini. Hakutaka hata ujira wa siku ile.

Kuanzia hapo lilikuwa shindano kati ya baba na ukuta, na mimi nikalitazama kila siku. Asubuhi nampima baba kwa macho: amekula? Amevimba zaidi? Kisha natembea mpaka kwenye kamba naupima ufa kwa vidole. Vidole vitatu. Vinne. Mawingu ya masika yalipoanza kukusanyika upande wa bahari, nilijikuta siku moja nimesimama pale nje ya kamba naomba baba atangulie. Namaanisha ninachosema. Nilimwomba Mungu amchukue baba yangu wiki ile, ukuta ukiwa bado umesimama, tuingie haraka haraka, hata watu kumi, hata kwa dakika chache, nitimize ahadi yangu. Nilikuwa tayari kumpoteza yeye ili nisiaibike mbele yake. Nilirudi nyumbani nikamkuta anakula embe, maji yake yanamtiririka kidevuni, anauliza, "Umetoka kanisani? Ukuta vipi?" Nikamfuta kidevu, nikasema umesimama, baba. Sikuweza kumtazama usoni, ijapokuwa yeye hakuwa ananiona.

Mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Siku ya tano ikaanuka, jua likatoka, na saa nane za mchana, mimi niko uani nachambua mchicha, nikasikia mlio. Haukuwa mkubwa. Kama mtu ameshusha magunia kutoka kwenye lori, gunia moja, mawili, kisha yote. Baba alikuwa kwenye kiti chake barazani. Alinyanyua kichwa.

"Upande gani?" akaniuliza.

"Ngoja nikaone, baba."

"Ni wa kibla," akasema. "Nenda kaangalie kama kuna mtu."

Hakukuwa na mtu, tushukuru kwa hilo. Ukuta ulikuwa umelala kifudifudi ndani ya kanisa, juu ya madhabahu, na mabati ya upande ule yamening'inia. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilisimama kwenye mlango wa magharibi nikaona moja kwa moja mpaka minazi ya upande wa pwani. Watu walikuja, wakashika vichwa, wakapiga picha, wakasema mvua hii, jamani, mvua hii imezidi. Mimi nikanyamaza. Wiki iliyofuata wakubwa walileta trekta likasukuma kuta zilizobaki, na kizingiti cha magharibi likakipasua vipande viwili.

Kabla ya trekta, kijana fundi alikuwa akipekuapekua kifusi, anatafuta kama kuna nondo za kuokoa, akaniita mbio. Alikuwa amepindua kibamba cha simiti, kikubwa kama sinia la pilau. Upande wa mbele kilikuwa na rangi ya maziwa. Upande wa nyuma, ule uliokuwa umeegemea lipu ya zamani, palikuwa na mkono. Haukuwa shimo, ulikuwa umetuna. Simiti ilikuwa imejaa ndani ya ile alama siku tulipoiziba, ikakauka humo, na sasa lipu imeoza na kumwagika, ukabaki mkono wenyewe umetokeza, vidole vitano vimekaza, gumba limeinama. Mkono wa baba yangu ujanani. Hata mistari ya kiganja ilikuwapo.

Niliuosha kwa maji ya mvua. Nilijiambia, mpumbavu mimi, kwamba angalau hiki. Kwamba nimeangusha kila kitu lakini Mungu amenibakishia hiki nimpelekee. Siku ya kuzika tutakiweka kichwani pake. Nikakifunga kwenye leso, nikakibeba kifuani njia nzima, kizito kweli, na barabarani nilianza kupanga maneno ya kumwambia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Unahema. Umebeba nini?"

"Lete mkono wako."

Alinipa. Nikauweka juu ya ule mwingine, kidole juu ya kidole. Mkono wake umesinyaa siku hizi, ukawa mdogo kuliko ule wa chini, kama mikono yetu ya utotoni tulipokuwa tunajipima. Vidole vyake vikafuata vile vidole kimoja kimoja, polepole, mpaka kwenye gumba lililoinama, na hapo nikaona midomo yake inacheza, nami nikaanza kulia kwa furaha, kwa kuwa niliona ameujua.

"Ni wangu huu," akasema.

"Ni wako, baba. Umebaki."

Akaendelea kupapasa. Kisha akafika ukingoni, akakwangua kidogo kwa ukucha.

"Hii ni simiti," akasema.

Alikisukuma kile kibamba taratibu mpaka kwenye magoti yangu, akaniambia nikatafute pa kukiweka, nje, watoto wasijikwae. Halafu akasema siku ikifika tumsalie hapo hapo barazani, tusisumbue watu kwa tenti. Akanyoosha mikono yake miwili mbele na kuniomba maji. Nikamletea kwa birika na beseni, nikammiminia, akanawa.